Mapigo Tisa ya Kengele ya Magurita

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi cha Magurita, Romania
Jumatatu, 15 Julai 2019, saa mbili na dakika kumi asubuhi

Jina: Veturia Bodea
Umri: miaka 64
Kazi: mpiga kengele wa kanisa la Kiorthodoksi; nafuga pia kondoo kumi na mmoja
Makazi: nyumba ya pili baada ya daraja, Magurita

Nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa, na nimeelewa. Nimekuja mwenyewe, sikuitwa.

Nimepiga kengele ya kanisa letu kwa miaka kumi na tisa. Mlalamikaji, Simion Hosu, ni kaka yangu. Gavrila Hosu, aliyezushiwa kifo, naye ni kaka yangu, mkubwa wetu sote. Gavrila yuko kitandani tangu Pasaka kwa ugonjwa wa mapafu, na daktari ametuambia tusitegemee kumwona majira ya baridi. Yeye na Simion hawajasemezana kwa miaka ishirini na miwili kwa sababu ya mti wa jozi uliokuwa mpakani mwa bustani zao, ambao mmoja wao aliukata. Ukimuuliza yeyote kati yao, atakwambia aliyeukata ni mwenzake.

Mnamo tarehe 14 Julai 2019, siku ya Jumapili, saa nane mchana, basi jeupe lilisimama mbele ya kanisa. Ilikuwa kwaya ya Walutheri kutoka Estonia, watu ishirini na saba, walio katika ziara ya kuimba na kuhubiri. Padri wetu alikuwa amewaruhusu kuimba uani, si ndani, kisha akaenda kubatiza watoto katika kijiji cha jirani na kuniachia funguo. Kiongozi wao anaitwa Hillar Kuusk. Mkalimani wao ni binti anayeitwa Piret, aliyesoma hapa Romania, mjini Cluj.

Kusema kweli niliwaganda kama kupe. Niliuliza kwa nini wanawake wao hawafungi vitambaa kichwani, nani ameoana na nani, na wanalala wapi watu wote hao. Nilinusa mkate wao mweusi. Piret akacheka, akasema, “Mama, hata forodhani hawakutuuliza hivi.”

Saa kumi na moja kasoro dakika ishirini jioni, watu waliofika walikuwa saba, na wawili kati yao walikuja kutazama basi tu. Hillar aliuliza kupitia Piret, “Mama, wenyeji wako wapi?”

“Wamekula, wamelala. Leo Jumapili.”

“Kwetu tungepiga kengele. Naruhusiwa?”

Nikajibu, “Kamba ile pale. Mwambie avute tu, haing'ati.”

Nikachukua ndoo, nikaenda kuwatekea maji kisimani, hatua kama thelathini kutoka mnarani. Sikumuuliza kwao wanapigaje. Hapa kwetu kengele ya kuita watu hupigwa mfululizo. Mapigo matatu, kimya, matatu, kimya, matatu, maana yake mwanamume amefariki. Hilo hata mtoto wa miaka mitano analijua. Piret ameniambia baadaye kwamba kwao tatu-tatu ni kengele ya sala, hupigwa kuanza na kufunga ibada. Hillar alipiga anavyojua, tena kwa moyo wote.

Hakuna aliyeuliza ni nani, maana mwanamume aliyelala hoi kijijini ni mmoja tu. Haikupita robo saa barabara ilijaa watu wenye nguo nyeusi na mishumaa mkononi, wakipita mbele ya kanisa kuelekea kwa Gavrila. Nilimwona Hillar ameweka mkono kifuani, machozi yanamlengalenga. Alimwambia Piret jambo, naye akanitafsiria: “Anasema hajawahi kupokewa hivi popote.” Kabla sijafungua kinywa alikwisha kuwapanga waimbaji wake nyuma ya watu, wakafuata wakiimba. Ulikuwa wimbo wa shangwe, wa kushukuru mavuno.

Gavrila alikuwa ameketi kitandani karibu na dirisha, anakula ugali kwa maziwa. Aliutazama umati akauliza, “Nani amekufa?” Jirani yetu mmoja alificha mshumaa nyuma ya sketi, nusura ajiunguze.

Ndipo Simion alipotokea. Hakupita njiani, alikatiza bustanini, bila kofia, kiatu kimoja hakikufungwa. Hakumwona mtu. Alipiga magoti kizingitini, akaugonga mlango kwa kiganja. Alisema, “Gavrila, ni mimi niliyeukata ule mti. Ni mimi. Umeondoka sijakwambia.”

Sauti ya Gavrila ikatoka ndani: “Najua ni wewe. Niliona shoka lako. Ingia basi, unaziba mlango.”

Kwaya wakati huo ilikuwa imefika ubeti wa tatu. Simion alisimama, akawaona watu wote wakimtazama, akageuka na kuja moja kwa moja hapa kituoni.

Nimeambiwa ameandikisha kwamba Hillar alifundishwa na mtu ili kumdhalilisha. Si kweli. Hillar hakufundishwa na yeyote. Lakini mimi nilikuwa kisimani. Alipotua baada ya mapigo matatu ya kwanza nilidhani anapumzisha mikono. Yalipopigwa matatu ya pili nilijua. Ningepaza sauti angeacha. Nilinyamaza, nikahesabu saba, nane, tisa. Nilitaka kujua kama Simion atakuja. Tangu Pasaka silali vizuri kwa swali hilo, na sikuwa na mtu wa kumuuliza.

Naomba mgeni arudishiwe pasipoti yake mliyoizuia jana. Saa tisa leo wanatakiwa kuimba mjini Deva. Kosa liandikwe kwa jina langu, na kama padri ataninyang'anya kamba, atakuwa na haki.

Swali la afisa: Unajuta?

Jibu: Nimemwaibisha kaka yangu mbele ya kijiji kizima, na inaniuma sana. Lakini alikuja.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda. Nimesomewa, na ni maneno yangu.

(Sahihi) Veturia Bodea

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika mimi, Cosmin Barlea, na kumsomea shahidi. Pasipoti ya Hillar Kuusk imerudishwa saa nne na robo asubuhi. Saa tano nilikwenda kumuuliza mlalamikaji kama anaendelea na shauri. Hakuwa kwake. Nilimkuta kwa Gavrila Hosu, ameshika bakuli na kijiko. Alisema, “Njoo siku nyingine, afande. Leo nina mgonjwa.”