Ekzosi ya Pili ya Riyadhi

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Riyadhi amerudi na pikipiki. Si pikipiki – kruza! Ndefu, tangi kubwa, usukani umepanda juu, imelala chini kama ng'ombe anayecheua. Ameiingiza hapa karakana ikinguruma mpaka mama wa duka la jirani akatoka nje. Anasema ameitoa Kampala, kapita nayo mpakani Mutukula. Biashara yake ya sangara kisiwani Bumbire inalipa, tumeshasikia.

Anataka nimshonee siti mpya. Ya mbele pana, ya nyuma laini, yenye kiegemeo. Ya nyuma ndiyo muhimu, kasema. Jumapili ya tarehe kumi na saba anamchukua bibi harusi wake kwao Nshambya mpaka Muleba, na hataki Yasmin aumie mgongo.

Yasmin. Nimeliandika na kalamu imetoboa karatasi. Mihula miwili nilimbeba mimi kwa pikipiki yangu, akienda kufundisha Kashozi, na sikusema neno. Nilikuwa nangoja kwanza nimalize nyumba! Riyadhi hakungoja chochote.

Nimemwambia sawa, nitashona.

Jumatano, 6 Agosti

Sponji mbili, moja ngumu chini, moja laini juu. Nimeikalia mwenyewe. Tamu! Kwa nini nimeifanya tamu hivi? Ningejaza majani makavu ya migomba, nikashona ngozi juu, nani angejua?

Nina wivu. Naandika wazi, maana hapa hasomi mtu.

Jumamosi, 9 Agosti

Leo Riyadhi kamletea Kyaruzi bomba jingine la moshi. Kyaruzi ndiye fundi wa kuchomelea, tunagawana kiwanja. Riyadhi anataka ekzosi mbili, kulia na kushoto, zote za nikeli, zing'ae pande zote. Kyaruzi kachomelea alivyoambiwa. Hana mke, hajawahi kubeba mwanamke, atajuaje?

Mimi niliona papo hapo. Pikipiki zetu zote hapa mjini ekzosi iko kulia. Kwa hiyo wanawake wanaokaa upande huning'iniza miguu kushoto. Yasmin pia. Hajui kukaa vingine. Sasa kushoto kuna chuma cha moto, sawasawa na shavu la mguu wake.

Riyadhi kaniuliza, "Hafidhi, unaonaje?"

Nikamwambia inapendeza. Basi. Mtoto akililia wembe, mpe.

Jumatatu, 11 Agosti

Bado sijasema. Bati dogo la kukinga joto lingetosha, kazi ya nusu saa. Vipande vya bati vimejaa hapo nje.

Nikisema, Riyadhi atashukuru, ataweka bati, na safari yao itakuwa nzuri. Hiyo ndiyo shida yangu. Sitaki iwe nzuri.

Alhamisi, 14 Agosti

Naandika kwenye benchi la zahanati.

Saa nane Yasmin alikuja karakana kujaribu siti. Katoroka kwao, kasema ana dakika kumi tu, mama yake asijue. Riyadhi alikuwa ameshaiwasha kruza kitambo, anavuta mafuta, anawaonyesha watu mlio. Yasmin akapanda, akaegemea, akacheka. "Kaka Hafidhi, siti hii ni kitanda!"

Kaka! Nikawa naangalia ule mguu wa kushoto. Mdomo nilikuwa nao. Wakaondoka.

Hawakufika hata kona. "Mawe!" – Yasmin anamwita mama yake kwa Kihaya, nilisikia mpaka ndani. Kitambaa cha gauni kimeyeyuka, kimeganda kwenye ngozi. Mama wa duka kaja mbio na dawa ya meno, Yasmin akakataa asipakwe. Riyadhi anazunguka tu, anashika kichwa. Kyaruzi analia kweli, anasema, "Waitu, jamani, nimemuua mtoto wa watu!" Nikamwacha aseme hivyo.

Riyadhi akamwambia Yasmin apande ampeleke zahanati. Akakataa katakata. Akasema, "Kaka Hafidhi anipeleke."

Nimempakia kwenye pikipiki yangu, kanishika bega njia nzima. Jambo nililolitamani miaka miwili, nimelipata hivi. Sikulifurahia hata kidogo. Riyadhi kabaki kwenda kumwambia mama mkwe.

Tulipokaribia hapa kaniuliza kwa upole, sikioni. Kwamba Kyaruzi hajui, na Riyadhi mambo yake ni kung'arisha. "Lakini wewe, kaka, ulinibeba mihula miwili. Hukuiona hiyo ekzosi?"

Nilijifanya upepo umenizuia kusikia. Nikamshusha, nesi akampokea.

Nimeshaandika majibu matatu hapa pembeni, nimeyafuta yote. La nne ni "sikuiona". Hilo sijalifuta.

Mlango unafunguliwa. Anachechemea, mguu umefungwa bandeji. Anakuja kukaa hapa kwenye benchi, karibu yangu, na daftari li wazi magotini pangu, sijalifunga.