Mjane Kwenye Meza ya Baruti

Lewistown, Montana

Dada yangu Noreen,

Theluji imekwisha na kuku wameanza kutaga. Dwight hajambo. Bado anajitengenezea risasi kule gereji, akijaza baruti kwenye maganda yaliyokwisha kupigwa, ila sasa ana mwanafunzi: Colleen, yule mjane jirani yetu, aliyeachiwa bunduki na marehemu mumewe. Mimi mkewe nikikanyaga pale nafukuzwa: "Toka mama, napima baruti." Colleen anavutiwa kiti.

Jumamosi niliwafuata uwanja wa shabaha, eti nawapelekea sandwichi. Walianza na risasi zenye baruti kidogo, wakaongeza polepole, wakikagua kila ganda. Colleen akawa anapiga katikati kabisa, na mume wangu anamchekea hadi meno ya nyuma. Roho iliniuma, dada.

Mara komeo la bunduki likawa gumu kufunguka. Dwight alipolitoa ganda, akaona kitako chake kimebonyea.

"Baruti imezidi. Tunaishia hapa, zilizobaki nitazifungua nyumbani niimwage baruti."

Colleen akamshika mkono. "Moja tu, Dwight. Usiwe mwoga."

Nilijua atakubali. Lakini Dwight akautoa ule mkono taratibu, akakusanya risasi zote.

Njiani nikamuuliza kwa nini yule anamfundisha na mimi ananifukuza.

"Yeye akiwa pale napima vizuri tu," akasema. "Ukisimama wewe, nawaza ikikulipukia, nakosea kipimo."

Nikamwachia hadi tukafika nyumbani. Kisha nikamwambia kesho naingia gereji, na yeye azoee.

Nibusie watoto.

Mdogo wako,
Verla