Bahari Upande wa Baba

Kaka,

Mama jirani wa nyumba ya pili atakwambia eti alfajiri baba kapiga honi kama mwehu, halafu mimi nikamwiba yeye pamoja na gari. Muongo. Honi ililia mara mbili tu, ile ya zamani ya kutuita sote tutoke, leo tunazunguka kisiwa.

Nimemkuta kwenye usukani, mkanda kafunga, na macho yale yasiyoliona geti mpaka aliguse. Nikamwambia, "Baba, sogea kule." Akasema, "Kule ni kwa mama yako." Unakumbuka? Kila shule zikifungwa tulianzia njia ya sokoni, ili bahari iwe dirishani kwa marehemu mama. Baba akikazana na barabara, mama akimsimulia mawimbi.

Leo naendesha mimi. Yeye akae pale, nami nimsimulie. Ndiyo, leseni ninayo, acha kucheka.

Chai iko kwenye chupa. Kaza bomba la uani, linavuja. Mnunuzi wa gari akija jioni mwambie ~~limeharibika~~ ukweli: aje kesho, leo limekwenda kuaga.

Sina neno na wewe kuliuza, baba hawezi tena kuendesha. Ila jana ulikuwa unamsifia mtu gari mbele ya baba kana kwamba hayupo. Alisikia yote.

Saa nane tutapita gereji kwako. Nitamwachia baba honi. Kiti chako cha nyuma kiko wazi. Utatoka?

Mdogo wako