Shimo la Udongo Nililolijaza Betri

Mdogo wangu Atupele,

Ugonile. Nakuandikia nikiwa kitandani, ubao wa kukatia mboga ukiwa mapajani, maana mezani sifiki tena. Mwandiko utauona ulivyo. Isome barua hii yote, leo hii, kabla hujafunga mizigo ya kurudi kutoka huko Karonga kwa wajukuu zako.

Juzi binti yako Tusekile alipitia hapa Kyela na biashara yake. Aliketi miguuni pangu, akanipa habari akidhani ananifurahisha.

"Mjomba, mvua zikikatika mama anarudi Ikombe. Wanafungua lile shimo la juu ya shule. Udongo wa sasa ni mchanga mtupu."

Nikamwambia lile shimo lilifungwa zamani.

"Ee, mjomba, na usomi wako wote! Shimo la udongo halifungwi, linapumzishwa. Hata nyie na mpunga wenu si mnalipumzisha shamba?"

Alicheka hadi akajifuta machozi. Mimi niliweka chini bakuli la uji. Nimezaliwa na mfinyanzi, dada yangu ni mfinyanzi, na sikujua jambo hilo. Wanaume hatuendi mashimoni, na sikuwahi kuuliza.

Unakumbuka miaka ile ya ruksa, bidhaa zilipoanza kujaa madukani, ndipo ule mradi wa utafiti wa kichocho ukaja Ikombe. Mimi nilikuwa nimestaafu uganga wa zahanati, wakanipa kusimamia kumbukumbu. Kompyuta mbili zilivushwa kwa mtumbwi kutoka Matema, zimeviringishwa kwenye magodoro kama wagonjwa. Nilisimama ufukweni nimevaa tai. Wewe na wenzako mkaja kutazama, mikono ikiwa bado na udongo mbichi.

"Kaka, hiki kinakula nini?"

"Kinakula umeme."

"Na kinakunya wapi?"

Wanawake walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Wageni wakaniuliza mnachekea nini, nikawaambia mmefurahi. Nilikukasirikia siku nzima. Tuliwauliza watoto wa Ikombe maswali mengi miaka ile, tukawachoma vidole, tukachukua mikojo yao kwenye vichupa, na lile lako hatukulijibu.

Kijijini hapakuwa na umeme. Tulikuwa na jenereta, na ikizimwa tulitumia betri za gari. Joto lile liliziua moja baada ya nyingine, zikaletwa nyingine, nazo zikafa. Zilizokufa tulizirundika nyuma ya chumba cha mradi. Oili chafu tulimwaga mchangani, hatua chache tu kutoka majini, na asubuhi yake nilisimama mbele ya akina mama nikiwaasa wasiwaache watoto wachafue ziwa.

Mradi ulipokwisha nikaandikiwa kwamba vifaa chakavu vipelekwe Mbeya, nami nitoe taarifa. Mwenye mtumbwi alikubali kila kitu isipokuwa betri. Tindikali ilishamtobolea mtumbwi mara moja, akasema hataki kuzama kwa ajili ya takataka za wasomi. Ningeweza kutafuta mtumbwi mwingine. Nilichoka, Atupele. Nilitaka mambo yaishe.

Ilikuwa Jumamosi, ninyi nyote mmekwenda sokoni Matema na vyungu. Mimi na marehemu Ambokile, yule fundi wa jenereta, tukazibeba hadi kwenye lile shimo la juu ya shule, lililomporomokea mwenzenu Mama Lugano likamvunja mguu. Nilijiambia kuwa shimo lililomvunja mtu mguu hakuna mwanamke atakayeliingia tena. Tulizishusha betri, na zile kompyuta zilizokwisha kufa pamoja na vioo vyake, maana nazo nilichoka kuzihangaikia. Betri mbili zilipasuka, udongo ukafoka povu mbele ya macho yetu. Tukafukia. Nikarudi chumbani nikaandika: "Vifaa vyote vimeondolewa kwa usalama." Nikatia sahihi kwa ule mwandiko wangu mliokuwa mkiusifu.

Jioni uliponiletea chakula uliniuliza mizigo imekwenda wapi. Nikasema Mbeya.

"Mbeya siku hizi iko nyuma ya mlima huu? Mchana umekwenda, mchana umerudi, na viatu vina udongo wetu."

Nikakwambia mtu aliyeishia darasa la nne hajui mambo ya mradi. Uliweka bakuli chini, ukatoka. Hukuniuliza tena mpaka leo. Kila uliponitembelea ulizungumza habari nyingine, nami nilifurahi kwamba hujui, huku nikiogopa kwamba unajua.

Miaka michache baadaye tabibu mmoja kijana alinipa kijitabu nisome. Kilieleza kwamba ndani ya betri mna madini ya risasi, na kwamba hayaozi. Huingia mwilini kidogo kidogo, hudumaza akili za watoto, huharibu mimba. Nilikisoma mara mbili, nikakiweka chini ya godoro. Taarifa ilikuwa na jina langu. Na shimo, nilijiambia tena, limefungwa.

Sasa nikifumba macho nakuona wewe. Wewe ndiwe mkubwa wao, wewe ndiwe unayeingia wa kwanza. Nakuona umepiga magoti mle ndani, unamega kipande, unakiweka kwenye ulimi kutafuta mchanga, kama mama alivyofanya. Nawaona wajawazito wakisubiri juu wapewe vipande vya kutafuna. Kisha vyungu vinafika Matema, vinafika hapa Kyela, vinavuka mpaka hadi kwa wajukuu zako.

Nimemwandikia afisa afya wa wilaya na kukiri yote. Sijajibiwa, na sijui kama atakubali kupanda mtumbwi. Nakala nyingine nimempelekea mwinjilisti wa Ikombe aisome kanisani, na nimemwambia asilifiche jina langu. Lakini wanawake hawatasikiliza karatasi ya mzee. Watakungoja wewe.

Betri ziko upande wa mlimani, chini ya ukuta ulioporomoka, kina cha mtu mzima. Asiguse mtu kwa mikono mitupu. Msiondoe chochote mpaka aje mtu mwenye ujuzi. Na kile kijito kinachopita chini yake kuelekea mnapochota maji, sijui mvua za miaka yote hii zimeteremsha nini. Nimekaa na neno hilo "sijui" tangu juzi, linanila. Waambie wasichote pale. Waambie watoto wapimwe tena damu, na safari hii wapewe majibu.

Ndaga fijo, asante sana, kwa kila bakuli ulilonitengea. Usiharakishe kunisamehe, hujaona bado nilichofanya.

Tusekile atakwambia hali yangu, na najua utataka kuja kwangu kwanza. Usije. Ukivuka mto Songwe, ukifika Kyela, pitiliza hadi Matema, upande mtumbwi wa kwanza. Hata ukikuta watu wamekusanyika kwangu wanalia, usishuke kwenye gari. Watakusema, watauliza ni ndugu gani anayepita msiba wa kaka yake. Waache waseme. Wewe nenda ukasimame kwenye lile shimo kabla mwenzako yeyote hajaingia na jembe.

Kaka yako