Popi Ametafuna Kiatu cha Mama Pasta

Anti Immaculate, naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, kwa sababu siku hiyo mume wangu Peterson amesema Popi atapakiwa kwa pikapu apelekwe kwa binamu yake huko Njoro, akafungwe mnyororo mchana na usiku, na mimi nikifikiria hivyo hata chai hainishuki. Popi ni mbwa wetu, mchanga bado, na ndiye ninayebaki naye hapa bomani Peterson akienda kazi ya maua Naivasha, akibweka najua kuna mtu kwa geti, asipobweka nalala. Shida yake ni meno. Ametafuna mpini wa jembe, akatafuna ndoo ya kukamulia, na mimi si mtu wa kukaa tu, nikamshonea mpira wa soksi nikajaza matambara, akaumaliza kabla sijatoka kukamua, nikamkatia tairi, ikatoa nyaya nikamnyang'anya, mwishowe nikaona kitu kigumu hapa kwetu ni gambuti, vile viatu virefu vya mpira vya matope, nikampatia ile kuukuu ya Peterson pamoja na viatu vyangu vya zamani vya kanisa, akatulia kabisa, nikasema asante Mungu.

Sasa Alhamisi fellowship ya akina mama ilikuwa kwangu, na unajua matope ya Olenguruone, kila mtu aliacha viatu kwa veranda, tukaingia, tukaimba, tukaomba, na tulipotoka, haki ya Mungu Anti, Popi alikuwa amelala katikati ya viatu akila cha mama pasta, kisigino kishaenda! Mama pasta alirudi kwake na patipati zangu. Jirani yangu Chepkemoi akasema mbwa huyo ana roho chafu. Peterson aliposikia akanipigia simu: "Chepngeno, chagua. Mbwa ama heshima yetu." Nifanye nini?

Chepngeno, Olenguruone

*

Chepngeno mwanangu, barua yako nimeisoma, pole. Ila wacha nikugombeze kwanza.

Roho chafu iko wapi hapo? Wewe mwenyewe umempa mbwa viatu, akavitafuna ukafurahi, halafu ukampangia viatu veranda nzima, na sasa unashangaa! Atajuaje kipi ni cha kutupa na kipi ni cha mama pasta? Vyote vinanuka mguu wa mtu. Kwa Popi hiyo haikuwa fellowship, ilikuwa harusi.

Viatu kuukuu vyote vitoke bomani leo. Kisha tafuta suruali ya jinzi, ile nzito. Ng'oa zipu, vifungo na vile vichuma vya mfukoni, maana akivimeza utanililia tena. Ifue mpaka harufu ya mtu iishe. Kata vipande virefu vitatu, upana wa vidole vinne, ufunge fundo kubwa upande mmoja. Mwite huyo Chepkemoi ashikilie fundo, apate kazi ya kufanya, nawe suka kama unavyomsuka msichana anayerudi bweni, vuta usimwonee huruma. Malizia na fundo lingine. Mafundo yawe makubwa, yasipite kooni. Mpira wako wa soksi uliisha mara moja kwa sababu ulikuwa laini na mshono uko nje. Jino likipata pa kuingilia, kwisha.

Loweka hiyo kamba kwa supu ya mifupa isiyo na chumvi wala kitunguu, uanike, halafu ucheze naye. Usimtupie tu ukaenda zako! Akishika kiatu, mpe kamba, akiipokea, msifu. Nyuzi zikianza kuchomoka, tupa hiyo usuke nyingine. Sitakudanganya, hataacha viatu ndani ya siku mbili, kwa hivyo viatu vya wageni viingie ndani, juu ya meza.

Sasa kazi ngumu. Mnunulie mama pasta viatu, umpelekee wewe mwenyewe, na mbele ya wale akina mama wote useme, "Mimi ndiye niliyemfundisha Popi kula viatu." Halafu mpigie Peterson umwambie maneno hayo hayo kabla hajatafuta pikapu. Heshima ya nyumba yenu itarudi hapo, haitarudi kwa mnyororo wa Njoro.

Usingoje mtu mwingine amtetee Popi. Yeye hana mdomo wa kujitetea, Chepngeno. Wewe unao.