Zabibu Zilizoanikwa kama Michembe

Mwese, Mpanda,
28 Oktoba 2024.

Mpendwa Baba Mdogo Malale,

Nakuandikia kukuomba uahirishe agizo lako la kung'oa mizabibu katika shamba lako la hapa Mwese, na kukiri kwamba taarifa niliyokupa haikuwa sahihi. Kosa ni langu, si la Shangazi Kabula.

Kabla sijaeleza, naomba kujua hali yako. Je, goti limepata nafuu? Mvua za Kahama zimeanza? Sisi huku ni wazima, na Baba ameshaanza kutayarisha shamba la mahindi.

Utakumbuka kwamba mwezi Agosti nilikupigia simu kwa hasira. Nilikuwa nimeziacha zabibu nyeupe zizidi kuiva, nikashuka Mpanda mjini kutafuta chachu ya kutengenezea mvinyo. Niliporudi siku ya nne, Shangazi alikuwa amezichuma zote na kuzianika juu ya mwamba, kama anavyoanika michembe ya viazi.

"Msomi, ndege walikuwa wanazimaliza," alisema. "Nimekuokolea, na bado unaninunia?"

Nilikuambia ameharibu mavuno. Nawe ukaamua, kwa haki kabisa, eneo lile lirudi kuwa malisho.

Baba Mdogo, hayakuharibika. Jua lilipunguza maji, likaacha utamu. Nilipozikamua na kutenga maganda, nilipata ndoo moja tu badala ya tatu nilizotarajia, lakini juisi ilikuwa nzito, yenye rangi ya dhahabu. Chachu ilifanya kazi polepole kwa wiki tano, kisha ikachoka huku utamu mwingi ukiwa umebaki. Nikauchuja mvinyo mara mbili, nikautuliza chumbani kwa Shangazi, penye ubaridi. Chuoni tulifundishwa kwamba wapo wanaoanika zabibu kwa makusudi. Swali kuhusu jambo hilo nililijibu vizuri kwenye mtihani. Nilipoliona juu ya mwamba sikulitambua.

Mvinyo huu haunywewi kwa pupa. Ni kikombe kidogo baada ya chakula, ukiwa umepozwa kwenye mtungi, pamoja na karanga za kukaanga. Shangazi alionja, kisha akasema: "Huu ungemfaa Malale, anayependa asali kuliko ndugu zake."

Bado sijamwomba radhi. Maneno yale niliyasema kwako, hivyo ningependa anisikie nikiyafuta mbele yako. Naomba uje uonje; ukishaonja, uamuzi kuhusu shamba utabaki kuwa wako, nami nitautii.

Nisalimie Mama Mdogo Pudensiana na mdogo wangu Yotham. Mungu awajalie afya, akufikishe salama.

Nitakusubiri hapa nyumbani Jumamosi, tarehe 16 Novemba. Chakula kitakuwa tayari saa saba mchana. Saa nane kamili Shangazi atamimina, nami nitasema.

Mwanao akupendaye na kukuheshimu,
Enoka Machibya