Baba Anataka Nitie Sahihi Umri wa Dunia

Mpendwa Mshauri, kabla sijaomba msaada niruhusu nifafanue neno moja, maana ndilo lililonifikisha hapa: kuzaa. Kwa Kiswahili chetu aliyezaa ni mzazi, na kati yake na mtoto hapana mtu wa tatu. Kitenzi cha Kiebrania tunachokitafsiri hivyo, yalad, kina maana hiyo pia, lakini hakiishii hapo. Kinaweza kumruka baba kikamfikia babu, na babu wa babu, na kwa kila mmoja wao kikasema "alizaa".

Sasa, baba yangu (ni mdogo wa marehemu baba, ila amenilea tangu sijaota meno na sijawahi kumwita baba mdogo) ni mpima ardhi mstaafu, ana miaka sabini na tisa, na kwa miaka sita amekuwa akichora kwenye karatasi za ramani nasaba yote kuanzia Adamu, kila jina na umri wake, kwa wino mweusi na rula ileile aliyochorea viwanja vya watu, hadi chati imefika mita nne na inazunguka sebule mpaka nyuma ya kabati la vyombo, na mwishoni, baada ya nafasi, ameandika ukoo wetu mpaka "akamzaa" mimi, na pembeni amejumlisha miaka akapata umri wa dunia, na Jumapili ijayo itatundikwa kwenye ukumbi wa kanisa, na chini kabisa ameandika "Imehakikiwa na binti yangu, mwalimu wa Kiebrania," akaniachia mstari wa sahihi.

Nikashika kalamu nyekundu. Mwalimu wa kwaya alikuwepo, amekuja kuchukua vipimo vya chati, nami nikasema, "Baba, hapa katikati kuna majina yameachwa."

"Yameachwa na nani?"

"Kitenzi chenyewe kinaruka, baba. Si lazima awe mtoto wa kumzaa."

"Kwa hiyo Nuhu ni mtoto wa nani? Wa jirani?" Mwalimu wa kwaya akaangua kicheko. Baba akaendelea, "Mwanangu, mnyororo wa kupimia ukikosa pingili moja, kiwanja cha mtu kimeliwa. Mimi sijawahi kula kiwanja cha mtu."

Mama, bila kuinua macho kutoka kwenye mboga alizokuwa akichambua, akasema, "Mkifika kwa Nuhu mniite, chai imepoa tangu kwa Adamu." Tulicheka wote isipokuwa baba. Tangu siku hiyo ananisalimia vizuri, anakula vizuri, ila chati ameikunja akaiweka juu ya kabati na haitaji kabisa, na mimi nikitia sahihi nitakuwa nimesema uongo, nisipotia nitakuwa nimemvunja moyo mtu ambaye hajawahi kunivunja moyo hata mara moja. Nifanyeje?

Wako,
Binti wa Mpima

MSHAURI ANAJIBU

Binti wa Mpima, pole. Sasa keti nikugombeze.

Kalamu nyekundu, mbele ya mgeni! Daftari la mwanafunzi wako unalirudisha limefunikwa ili mwenzake asichungulie, lakini mzee aliyekulea umemsahihisha hadharani. Hilo ni kosa la kwanza, na halihusu Kiebrania.

La pili linakihusu. Kweli, kitenzi hicho huruka. Mjakazi wa Lea ameandikwa kwamba alimzalia Yakobo watu kumi na sita, na ukiwahesabu utakuta tumbo lake lilibeba wawili tu. Waliobaki ni wajukuu na vitukuu. Majirani walisema Naomi amezaliwa mwana, na aliyejifungua ni mke wa marehemu mwanawe. Hata mbingu na nchi zimeandikiwa "vizazi", kwa neno la shina hilohilo, na sijasikia mtu anayedhani kwamba mbingu zilishikwa na uchungu. Lakini haya yote yanathibitisha kwamba pengo linawezekana. Kwamba lipo, hujathibitisha. Ulisema "yameachwa" ilhali haki yako ilikuwa "huenda yameachwa", na mpima ardhi angekuelewa mara moja, kwa sababu anajua tofauti kati ya mpaka uliopimwa na mpaka uliokadiriwa.

La tatu limenigusa. Umeniandikia kwenye mabano, kama jambo la kupita, kwamba huyu ni mdogo wa marehemu baba yako. Basi mtu asiyekubali pingili moja ipotee, alipofika kwako ameandika "akamzaa", bila alama wala maelezo pembeni. Maana pana unayohangaika kumfundisha amekuwa akiiishi tangu hujaota meno. Usimpige nayo kichwani kama wakili aliyepata ushahidi. Nakuambia ili ujue unazungumza na nani.

Kesho asubuhi panda kwenye kiti, ishushe chati mwenyewe. Omba radhi kwa ile kalamu. Kwa kitenzi usiombe. Kaeni wawili mpitie jina kwa jina, umri kwa umri, kisha utie sahihi chini ya maneno haya na si mengine: "Majina na umri vimelinganishwa na maandishi ya Kiebrania. Jumla ni ya mchoraji." Akikataa, usitie sahihi, lakini Jumapili uwe wa kwanza kushika ncha ya karatasi inapotundikwa.

Na mkiwa hapo mezani muulize jambo ambalo mimi silijui, wala wewe hulijui: kama mwandishi yule wa kale hakutaka tuhesabu, mbona alituwekea umri wa kila baba alipozaa, na kama alitaka tuhesabu, mbona yeye mwenyewe hakuandika jumla?